Sindano Zangu na Kuku Uliyemrudisha

Kasongo, nyuma ya kiwanda cha pamba

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Kalonda, huko Wamaza,

Nakuamkia wewe kwanza, halafu mlango wako, halafu wote wanaolala nyuma ya mlango huo. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba umevimba na unaukanda kwa majani, kisha ukaingia habari za chui na mbuzi mpaka karatasi ikaisha. Mbuzi nimemjua mpaka rangi yake, mguu sijui kama umepona. Tafadhali ukinijibu anza na mguu.

Ukiuliza habari zangu, nitasema niko. Siwezi kuandika kwamba mimi ni mzima, maana uongo wa kwenye karatasi unakaa muda mrefu. Naumwa, Yaya. Umeona kimya changu ukadhani nimekusahau, au nimejifanya mtu wa mjini. Sivyo. Kalamu ilikuwepo, karatasi ilikuwepo, nguvu ndizo zilizokosekana.

Barua hii naiandika nje, juani. Daktari amesema jua linaua wadudu wa ugonjwa huu, basi karatasi nimeianika kwanza kama muhogo, na nikimaliza nitaianika tena. Ishike bila woga. Sitaki kusikia kwamba uliisoma umesimama mbali, kama mtu anayesoma tangazo la bwana mkubwa wa serikali.

Kikohozi kilianza msimu wa pamba uliopita. Unakumbuka ulipotutembelea ulilalamika kwamba nyuzi za pamba zinaruka kutoka kiwandani mpaka ndani ya chungu. Baba Feza anafanya kazi humo humo, na kila jioni anarudi kichwa cheupe kama babu yake. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa kila mtu alisema ni pamba, na mimi nikasema ni pamba. Nilikunywa asali. Nilikunywa maji ya majani machungu. Jirani akanipa mafuta ya mawese yenye chumvi, nikanywa hayo pia, na kikohozi kikazidi kunenepa huku mimi nakonda. Kisha siku moja nikaona damu kwenye kikwembe changu. Nilikifua haraka nikakianika nyuma ya nyumba, lakini mume uliyekaa naye miaka hii yote humfichi kitu cha kufuliwa asubuhi. Alitoa baiskeli, akanipandisha nyuma, akaisukuma mpaka hospitali.

Daktari mzungu alinitemesha mate ndani ya kikopo, akayatazama kwa kioo chake, akaniita. Kiswahili chake ni kile cha kambini, lakini siku hiyo nilimwelewa vizuri sana. Alisema, "Mama, wewe iko na kifua kikuu. Dawa yake iko. Ukifuata, unapona. Ukianza halafu unakata, ile ugonjwa itazoea dawa, na mimi sitakuwa na ingine." Akaniandikia sindano ya kila asubuhi, kwa miezi, pamoja na vidonge. Nilitoka pale nina furaha, Yaya, amini. Mtu anaambiwa ana ugonjwa wa kumwua na anatoka anacheka, kwa sababu ameambiwa dawa iko.

Tangu siku hiyo nina sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu, na nalala katika kile chumba kilichokuwa jiko. Baba Feza anapika mwenyewe. Wali wake unaujua, uliula siku ile nilipokuwa kliniki. Wenzake wa kiwandani wanamtania kwamba ameolewa, naye anawaambia mwanaume wa kumwoa yuko wapi kati yao. Ananitilia chakula, anakaa mlangoni, tunaongea yeye huko na mimi huku. Namshukuru Mungu kwa mwanaume huyu, hata kama ugali wake una madonge.

Sasa nikueleze habari ya dawa, maana ndiyo iliyonimaliza kuliko kikohozi.

Nilikwenda farmasi na karatasi ya daktari. Yule bwana wa farmasi akaisoma, akanirudishia.

"Mama, hii dawa haiko."

"Daktari amesema iko."

"Ndiyo, iko. Lakini haiko hapa. Iko mu njia."

"Njia gani?"

Akanyoosha mkono upande wa mto. Basi nikarudi nyumbani. Juma lililofuata nikaenda tena, akasema sanduku limefika Kindu. Nikaenda tena, akasema limepanda treni. Nikaenda tena, akasema limeshuka kwenye stesheni, lakini kamba ya bako, kile kivuko cha magari, imekatika na hakuna gari linalovuka Lualaba. Nilimwambia mitumbwi imejaa mtoni, na watu wa Nyangwe wanavusha hata ng'ombe. Akaniambia sanduku la serikali halipandi mtumbwi bila ruhusa ya serikali. Ruhusa ya sanduku, Yaya, kama wewe unavyoomba ruhusa ya kutoka Wamaza.

Bako likatengenezwa. Sanduku likafika, nililiona kwa macho yangu likishushwa. Lakini likafungiwa katika kabati ambalo ufunguo wake anao Masera, yule mtawa wa hospitali, naye alikuwa amekwenda misheni kwenye mafungo yake ya sala pamoja na ufunguo mfukoni. Tukamngoja asali. Akarudi, akafungua kabati, sanduku likafunguliwa, na ndani kulikuwa na vichupa vizuri vya unga mweupe, lakini maji ya kuuyeyushia hayakuja. Nikamwuliza bwana wa farmasi, maji gani? Akaniambia si maji haya yetu, ni maji yanayotoka Leopoldville yamefungwa ndani ya kioo. Nikasema mvua inanyesha kila siku mpaka mashimo yamejaa, na mimi nangoja maji. Yule bwana wa farmasi alicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikakohoa mpaka nikakaa chini.

Hujui namna ile safari ilivyokuwa inanichosha. Natoka asubuhi, napumzika penye daraja dogo, napumzika tena penye ukuta wa misheni, nafika, nakaa kwenye benchi la watu wa kifua, ambalo liko peke yake chini ya paa la bati. Hapo ndipo nilipompata Mama Zuhura, mwanamke wa Nyangwe, muuza samaki mkavu, mwislamu, mwenye mdomo mkali kama wako. Amehamia kwa shangazi yake, nyuma ya ua wetu, ili atibiwe. Yeye ndiye aliyenifanya niendelee kwenda. Mwisho wa benchi alikuwa anakaa mzee mmoja mchonga mitumbwi, mtu wa maneno machache, ambaye alikuwa akituachia kivuli yeye akakaa juani. Siku moja nafasi yake ilikuwa wazi. Baada ya muda mtu mmoja alisogea, mwingine akasogea, na mimi nikasogea.

Mwishowe maji yakaja. Nadhani unangoja niseme nikachomwa sindano nikapona. Hata mimi ndivyo nilivyongoja.

Muuguzi wetu wa zamani alikuwa amehamishwa, akaletwa mwingine, kijana. Alikuwa amefunga kitambaa puani na mdomoni kama daktari alivyoagiza, kwa hiyo sisi tuliona macho tu. Akatoka na chombo chake cha sindano, akaanza kuita majina. Akamwita Mama Zuhura. Akaita wengine. Mimi hakuniita. Nikasema labda kesho. Kesho yake akawaita wale wale, na mimi hakuniita. Nikarudi siku ya tatu nimevaa kikwembe kizuri, nikakaa mbele kabisa, na alipofika kwangu macho yake yakaruka kwenda ukutani. Nikamchukia, Yaya. Nilidhani dawa yangu anampa mtu wake. Nilimwambia Mama Zuhura kwamba kama ningekuwa na nguvu ningemnyang'anya ile sindano nijichome mwenyewe.

Mama Zuhura hana subira. Siku iliyofuata, alipotoka kuchomwa, akageuka mbele ya watu wote akamwuliza, "Na huyu mama wa Wamaza? Kila siku iko hapa, kila siku unamupita. Alikukosea nini?"

Yule kijana akaweka chombo chini. Akatazama miguu yake. Akasema polepole, "Mama, ile jina siwezi kuitaja. Ule ni mukwe wangu."

Ungesikia benchi lile. Wagonjwa ambao hawana pumzi ya kupanda ngazi, wote walisema "aaa" kwa pamoja. Na kabla sijaelewa vizuri, Mama Zuhura alikuwa amenirushia kikwembe chake kichwani, na wanawake wawili wamenishika mikono wananikimbiza nyuma ya jengo kama mwizi. Nilikaa huko chini ya kikwembe chenye harufu ya samaki.

Ni yeye, Yaya. Mume wa binti yetu Feza. Jina lake unalijua, kalamu yangu haiwezi kuliandika. Walikuwa Kabambare, kama ulivyoniambia, kumbe amehamishwa ghafla, akatangulia peke yake ili atafute nyumba, na Feza akabaki nyuma. Barua ya Feza ya kunijulisha ilifika baada ya yeye mwenyewe kufika. Mimi nilimwona mara moja tu, siku ya harusi, mgongo wake, tena kwa mbali. Lakini yeye alijua jina la mkwe wake, na lilipofika kinywani likakwama. Alinipita siku zote zile kwa heshima, na mimi nikimlaani.

Masera alipata habari akaja kunitoa nyuma ya jengo. Akauliza kwa nini nakimbia dawa. Nikasema, kwa sababu ya yule. Yule nani? Nikanyamaza. Akadhani nina kiburi. Ilibidi Mama Zuhura amtajie. Basi Masera akasema, "Hapa mu lupitalo hakuna mukwe. Kuna infirmiye wa kuchoma na kuna mugonjwa wa kuchomwa."

Nikamjibu, "Ndiyo, Masera, hapa hospitali. Lakini jioni mimi nitarudi kwangu na yeye atarudi kwake."

Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe unayeyajua kuliko mimi. Kwamba mama na mume wa binti yake hawaonani uso, hawatajani jina, hawapishani njia moja, mpaka kuku wa kufungua uso achinjwe. Kwamba kuku huyo anachinjwa na kaka wa mama, kwa kisu chake, naye anasema maneno juu yake, na baada ya hapo mkwe anakuwa mtoto. Na hata akishakuwa mtoto, Yaya, sindano hizi hazichomwi mkononi. Zinachomwa tunapokalia. Mtu ambaye hajaruhusiwa kuniona uso, nianze kumwonyesha huko?

Masera alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akauliza, "Na huyo kuku iko wapi?" Nikaona aibu kumjibu.

Kwa sababu kuku alikuja, Yaya, na wewe ulimrudisha. Sikulaumu kwa hasira, sina hata nguvu ya hasira, nataja tu. Watu wa upande wa mkwe walimleta amefungwa kwenye usukani wa baiskeli kichwa chini, badala ya mzee wao kumshika kwapani, na wewe ukasema hukubali kuku anayeletwa kama maiti. Ulikuwa na haki. Kila mtu alisema ulikuwa na haki. Ukasema warudi tena na adabu, nao wakaona wametukanwa, wakakaa kwao. Sasa haki yako na hasira yao zimekaa pande mbili, na katikati nimelala mimi.

Padri naye alikuja nyumbani. Akaniambia haya ni mambo ya wapagani, na kwamba Mungu hatazami kuku. Nilimsikiliza kwa heshima, nikamsindikiza kwa macho. Padri hana mkwe.

Wewe unajua ninachokiogopa. Mimba ya kwanza ya Feza ilitoka, na wanawake wa upande wao na wa kwetu, wote, walisema ni uso uliobaki umefungwa. Sasa ana mimba nyingine. Mimi ni mkristo, namwogopa Mungu, na hilo nalo naliogopa. Yote mawili yanakaa ndani yangu na hayagombani. Nikiingia mlango ule nikalala kitandani mbele ya mume wake, kisha mimba hii nayo ikatoka, nitaishi na mapafu mazima kwa faida ya nani?

Masera akakubali kunichoma mwenyewe, siku anazokuwepo. Lakini yeye ni mmoja, na anazunguka vijijini kupima kina mama wajawazito. Anakaa siku chache, anaondoka siku nyingi. Nachomwa, nakatiza, nachomwa, nakatiza. Ndilo hasa daktari alilosema nisifanye.

Baba Feza akafikiri akaja na shauri. Unamjua, akifikiri anatengeneza kitu. Akachukua mkeka, akautoboa tundu, akautundika katika mlango wa chumba kidogo cha hospitali. Mimi nisimame ndani, mgongo kwa mkeka, tundu lilingane na mahali penyewe. Mkwe asimame nje. Haoni uso, haoni mtu, anaona tundu. Baba Feza mwenyewe akaushika mkeka usitikisike. Mama Zuhura akasimama kati kama refa. Nikajiweka tayari nikifumba macho, nikisikia mkwe wangu anapumua nje ya mkeka kama mtu aliyekimbia. Kumbe na yeye alikuwa amefumba macho, amegeuza na shingo. Nikasikia Baba Feza anapiga yowe. Sindano ilikuwa imemwingia kwenye mkono, na dawa yote ndani. Mtu hana kifua, hana hata mafua, na amechomwa dawa iliyotoka Leopoldville kwa treni na bako. Mama Zuhura alicheka mpaka akalazwa. Mimi nilicheka pia, halafu usiku huo nikalia, maana chupa ile ilikuwa yangu na haitarudi.

Lakini nikuambie kitu kuhusu yule kijana, maana wewe ulimpima kwa kuku tu. Kila asubuhi Masera asipokuwepo, vidonge vyangu vinanifikia vimefungwa kwenye jani la mgomba, kwa mkono wa Mama Zuhura, na pamoja navyo kuna samaki mdogo, kwa sababu daktari alisema mgonjwa wa kifua lazima ale. Hajakosa hata siku moja. Na Masera anapokuwepo, yeye anachemsha sindano, anatayarisha kila kitu, anakiweka mezani, kisha anatoka kwa mlango wa nyuma na kukaa nje ametazama kichaka mpaka nimeondoka. Mama Zuhura anasema hata mvua ikinyesha anakaa hivyo hivyo. Nimezaa watoto watatu wa kiume, hakuna aliyenikalia mvuani.

Na kuku yule uliyemrudisha, yuko hapa. Usishangae. Alimbeba kutoka Kabambare amemshika kwapani juu ya kamio, lile lori la pamba, na watu wakimcheka njia nzima. Yuko kwa Mama Zuhura, hayuko kwangu, usije ukasema nimempokea kwa mlango wa nyuma. Namsikia tu kupitia ua. Ametaga, ameatamia, ametoa vifaranga, na vifaranga vyenyewe vimeanza kuwa majogoo. Mama Zuhura analalamika kwamba anakula kuliko shangazi yake.

Sasa habari yenyewe iliyonifanya nianike karatasi leo. Masera anakwenda likizo Ulaya. Ataondoka baada ya Pasaka. Mwingine ataletwa, wanasema, lakini wewe umeshaona dawa inavyoletwa, sembuse mtu. Akiondoka, anayebaki kuchoma watu wa kifua ni mmoja tu.

Na juzi Feza amefika. Alishuka kwenye kamio tumbo liko mbele, mzuri, amenenepa uso. Nilimwambia asikaribie. Akakaa mlangoni pale anapokaa baba yake, akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta mama yake ndani ya hii mifupa. Kisha akasema, "Mama, ingia umuachie akuchome. Mimi ndiye nabeba mimba, na mimi ndiye nasema."

Nikamwambia hajui anachosema.

Akasema, "Huyu mutoto akizaliwa, nani atamuogesha? Mama wa mume wangu alishakufa. Na wewe ukienda, nitamuonyesha nani?"

Nilimwambia aende akapumzike, na tangu pale nasikia maneno hayo kila nikilala. Nimemwambia nitakungoja wewe mpaka Masera aondoke. Baada ya hapo sijui nitafanya nini, na sitaki kukudanganya kwamba najua.

Basi nakuomba. Najua utasema pamba bado iko shambani na kapita, msimamizi wa mashamba, anapita na fimbo. Najua habari ya ruhusa ya safari. Mwambie chifu dada yako ni mgonjwa, si uongo. Dereva anayekuletea barua hii ni wa kamio la pamba. Atapakia Kabambare, na ukimkuta pale atakuleta juu ya magunia. Utakohoa kidogo kwa nyuzi, utaonja maisha yangu. Njoo na kisu chako. Mkwe wako yuko tayari kumshika kuku kwapani na kupiga magoti mbele yako njiani, watu wote waone, mara mbili ukitaka. Na kama mguu haukuruhusu kabisa, basi mpe dereva kisu, na maneno uyaseme juu ya kisu mbele ya mashahidi wawili, ili Baba Feza akate kwa mkono wako. Sijui kama inaruhusiwa. Wewe ndiye mwenye kuruhusu.

Nisalimie wifi yangu, mke wako, umwambie mbegu za mboga alizonipa zimeota na Baba Feza anazichoma kila akizipika. Nisalimie mjomba wetu mzee, yule wa ng'ambo ya kijito, na umfiche habari ya mkeka, maana ana moyo dhaifu na kicheko kirefu. Nisalimie mdogo wetu Safi na mapacha wake. Nisalimie katekista aliyenisimamia ubatizo. Aniombee, lakini asije kunihubiria. Baba Feza anakusalimu kwa mkono ule uliochomwa, ambao anasema una afya kuliko mwingine.

Jua limefika kwenye ukuta, nguvu zangu zinaishia hapa. Kuku analia ng'ambo ya ua wakati huu huu naandika. Mama Zuhura anasema amezeeka, na kwamba asipochinjwa karibuni atajifia mwenyewe. Nikamwambia si kitu, mume wa Feza ni mtu mzuri, kuku akifa atatafuta mwingine. Ni wewe tu ninayekuhurumia, Yaya, sijui utamtafuta wapi mwingine wa kukuuliza habari za mguu.

Ni mimi dada yako mdogo, niliyekuwa nakubebea maji ya kunawa,

Anastazia, Mama Feza